Umebadilisha Oili Mwenyewe, Taa Nyekundu Imewaka

(Maneno ya Afisa Habari wa Halmashauri kwa wakazi, mwishoni mwa mkutano wa hadhara wa kata)



Taarifa ya maji mmekwisha kuisikia. Naomba dakika chache nijibu swali ambalo wengi wenu mmeniuliza pembeni tangu mliponiona nikija kazini kwa miguu: gari langu liko wapi? Gari lipo nyumbani, halina injini. Injini niliiua mimi mwenyewe.

Jumamosi moja nilibadilisha oili uani kwangu. Katika hilo sioni kosa. Fedha ya fundi ni fedha, na kazi yenyewe hutaka jeki, spana, beseni na subira. Nilimwaga oili ya zamani, nikafungua filta, nikafunga mpya, nikajaza. Gari likawaka vizuri. Jumatatu asubuhi, zikiwa zimebaki kilomita mbili kufika ofisini, taa nyekundu yenye umbo la kibuyu kinachodondosha tone ikawaka kwenye dashibodi. Nikajiambia kwamba oili ni mpya kabisa, hivyo mbovu lazima iwe taa. Nikaendelea. Sikumaliza kilomita moja. Injini iligonga kama mtu anayeponda bati kwa nyundo, kisha ikazima, na haijawaka hadi leo.

Fundi alipofungua filta alikuta mipira miwili. Mpira wa filta ya zamani ulikuwa umeganda kwenye injini, nami nikafunga filta mpya juu yake bila kutazama. Mipira miwili iliyobebana hustahimili kwa muda, kisha mmoja huteleza kwa nguvu ya shinikizo, na oili yote humwagika barabarani kwa muda mfupi sana. Mkopo niliochukua kununua injini nyingine nitaulipa hadi mwakani, na chanzo chake ni kipande cha mpira ambacho kidole kingetosha kukibandua.

Hapa ndipo wengi hukosea, nami nilikuwa miongoni mwao. Taa hii nyekundu haipimi wingi wa oili, hupima shinikizo lake. Pampu husukuma oili ipite kati ya vyuma vinavyozunguka ndani ya injini na beringi zinazovibeba, ili chuma kisikutane na chuma. Shinikizo likianguka, utando ule hutoweka, na oili ingekuwa mpya namna gani haisaidii kitu ikiwa haifiki inakotakiwa. Kwa hiyo taa hii ikiwaka mkiwa safarini, wekeni gari pembeni, zimeni injini hapo hapo. Msiseme "nifike kwanza". Kuvutwa kwa kamba kuna aibu yake, lakini ni rahisi kuliko injini.

Injini ikishatulia dakika chache mahali tambarare, chomoeni kijiti cha kupimia, kifuteni, kirudisheni, kisha msome. Oili iwe kati ya alama mbili. Iliyozidi nayo ina madhara, kwa kuwa hukorogwa ikatoka povu, na pampu haiwezi kusukuma povu ipasavyo. Inameni mtazame chini ya filta na kwenye boliti ya kutolea oili, kwani baada ya kazi ya nyumbani pa kushuku kwanza ni pale mikono yenu ilipogusa mwisho. Mkikuta kipimo ni sahihi na hakuna kinachovuja, bado msiwashe. Mwiteni fundi apime shinikizo kwa geji yake.

Kuna nafasi moja tu ya kuivumilia taa hiyo. Mara ya kwanza mnapowasha gari baada ya kubadilisha filta, huweza kuchelewa kuzima kwa sekunde chache, kwa sababu filta mpya ni tupu. Zikikaribia kumi, zimeni. Na taa isipowaka kabisa mnapozungusha ufunguo kabla ya kupiga stata, msifurahi: huenda mliuchomoa waya wa swichi yake mlipokuwa mkihangaika na filta, na sasa gari halina wa kuwaonya.

Taa ya injini ya manjano ina habari nyingine. Ikiwaka baada ya kusafisha filta ya hewa, tazameni kwanza kama mlisahau kurudisha plagi ya kipima hewa. Ikitulia mnaweza kwenda kwa fundi taratibu. Ikiwa inapepesa, simamisheni gari.

Kiasi cha oili kimeandikwa kwenye kitabu cha gari. Najua vingi vya kwetu vimekuja na Kijapani chake, lakini tarakimu za lita zinasomeka. Filta mpya ipakeni oili kidogo kwenye mpira wake, ifungeni kwa mkono, na kabla ya hapo hakikisheni mpira wa zamani umetoka. Ushikeni mkononi, muuone.

Oili chafu msiimwage mtaroni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza uchafuzi huo, na mitaro yetu inaelekea kwenye visima vyetu. Itieni katika dumu lenye kifuniko, kisha mumwone Afisa Afya wa kata awaelekeze.

Maswali nitayapokea hapa hapa. Mwenye gari nje ambalo taa yake imewaka asubuhi hii, tuanze naye kabla hajaliondoa.