Mwenye Shauri: Wanawake wa Filamu za Vita Wakitazamwa Kutoka Rumonge



Naanza na filamu ya mwaka 1951 ambayo asili yake ni ziwa letu hili la Tanganyika. Inaitwa The African Queen. Iliongozwa na John Huston kutokana na riwaya ya C.S. Forester ya mwaka 1935, na riwaya yenyewe ilichota wazo katika vita vya majini vya Tanganyika. Waingereza walileta boti mbili, Mimi na Toutou, wakazipitisha Kongo kwa reli, kwa mto na kwa kuzikokota porini, ili wawapokonye Wajerumani ziwa. Ukisoma habari za vita vile, jina la mwanamke utakalokutana nalo haraka ni la meli: Hedwig von Wissmann, iliyozamishwa Februari 1916.

Forester akamtia mwanamke wa kubuni. Rose Sayer, aliyeigizwa na Katharine Hepburn, ni dada wa mmisionari wa Kiingereza. Askari wanachoma kijiji, kaka yake anafariki, na Rose ndiye anayetoa shauri: wateremke mto na chombo kibovu cha fundi Charlie Allnut, wakitie mabomu, wakaizamishe meli ya Wajerumani. Charlie anabisha, kisha anakunywa hadi analewa chakari. Anapozinduka, Rose anamimina jini yake mtoni, chupa moja baada ya nyingine, wala hapandishi sauti. Wanawake wanaoitazama hucheka sana hapo. Wanaume nao hucheka, ila wanachelewa kidogo.

Huwa tunaambiwa kwamba mwanamke huvutwa na filamu ya vita anapomwona mwenzake ameshika bunduki. Sikubali, au nakubali nusu tu. Chukueni Rebelle ya Kim Nguyen, iliyopigwa picha nchini Kongo, na iliyompa Rachel Mwanza wa Kinshasa tuzo ya mwigizaji bora wa kike katika tamasha la Berlin mwaka 2012. Komona, mtoto wa miaka 12, anatekwa na waasi na kulazimishwa kuwaua wazazi wake. Bunduki anayo muda mwingi wa filamu. Lakini kinachomshika mtazamaji ni sauti yake, maana anamsimulia yote hayo mtoto aliye tumboni mwake, naye ndiye anayechagua aseme nini kwanza na nini akiache. Rose ana shauri, Komona ana usimulizi. Bunduki peke yake haimpi mwanamke nafasi katika filamu; mara nyingi humpa mavazi tu.

Sasa turudi kwenye kile kijiji kilichochomwa. Kamera inaondoka na chombo, na wanakijiji hatuwaoni tena. Nampenda Rose, lakini mama wa Rumonge ana haki ya kuuliza: wale wenye nyumba walikwenda wapi? Swali hilo analijua kwa mwili wake. Aprili 1972, machafuko yalipozuka hapa na Nyanza-Lac, kisha mauaji yakaenea Burundi nzima, watu walikimbilia Tanzania, wengine kwa mitumbwi, na wengi wakaishia Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Waliporudi, baadhi walikuta michikichi yao inavunwa na wengine. Filamu ya vita hupenda kwisha meli ikizama. Kwa mama huyo, meli ikizama ndiyo kwanza anaanza kutafuta mipaka ya shamba.

Na meli yenyewe, je? Ile Graf von Götzen, ambayo ndiyo mfano wa meli anayoiwinda Rose, Wajerumani waliizamisha wenyewe Kigoma mwaka 1916. Waingereza wakaiibua, na tangu 1927 inaitwa Liemba. Mei 2015 ilikwenda Kagunga, hapo karibu kabisa na mpaka wetu, kuwachukua Warundi waliokimbia na kuwapeleka Kigoma. Haikuweza kutia nanga ufukweni, hivyo akina mama walipelekwa kwa mitumbwi, watoto mgongoni, ndipo wakapandishwa melini. Mwandishi wa filamu angebuni nini zaidi ya hapo?

Aliyesogea karibu na mwanamke huyu anayekimbia vita ni Éric Barbier, kwa Petit Pays ya mwaka 2020, kutoka riwaya ya Gaël Faye. Yvonne, anayeigizwa na Isabelle Kabano, ni mkimbizi wa Kinyarwanda anayeishi Bujumbura. Mwaka 1994 anakwenda kwao kutafuta ndugu, anarudi akili imevurugika, na anamsimulia binti yake mdogo aliyoyaona, mambo ambayo mtoto hapaswi kuyasikia. Si mama wa kupigiwa mfano. Kwa sababu hiyo wanawake wanamwamini.

Kama yupo msichana humu anayetafuta kisa cha kuandikia filamu, namtajia Sylvie Kinigi, mchumi, aliyekuwa waziri mkuu wa Burundi tangu Julai 1993. Rais Ndadaye alipouawa tarehe 21 Oktoba, Kinigi alijihifadhi ubalozi wa Ufaransa, akashikilia kilichobaki cha serikali, na akabaki kazini hadi Februari 1994. Vyumba, simu, mawaziri walionusurika, na mwanamke anayepaswa kuamua. Ombi langu kwa mwandishi huyo ni moja tu: asimpe bastola.