Programu Inapoendesha Kivinjari: Hotuba kwa Wahitimu wa Uhandisi wa Programu



Kazi ya kuendesha kivinjari bila mkono wa mtu haikuanza na akili unde, kwani Selenium, zana iliyoanzishwa na Jason Huggins mwaka 2004 katika kampuni ya ThoughtWorks mjini Chicago, ilikusudiwa kupima tovuti kwa kubofya vitufe na kujaza fomu kama afanyavyo mtumiaji. Puppeteer ya Google ilifuata mwaka 2017, na Playwright ya Microsoft mwaka 2020. Zana hizo zilitekeleza hatua zilizokwisha kuandikwa na mhandisi, ilhali wakala wa akili unde, yaani programu inayopewa lengo na kujiamulia njia ya kulifikia, hulazimika kuusoma ukurasa kwanza.

Wakala huyo mara nyingi husoma picha ya skrini au mti wa ufikivu, yaani mpangilio unaotayarishwa na kivinjari kutaja jina na kazi ya kila kilichomo ukurasani, ambao ulibuniwa ili programu za kusoma skrini ziwasomee wasioona kwa sauti. Kitufe chenye mchoro wa kikapu tu, kisicho na jina katika msimbo, humfikia wakala anayetegemea mti huo kama “kitufe” basi, sawasawa na kinavyomfikia asiyeona; hivyo mhandisi anayekiita “Weka kikapuni” huwafaa wote wawili, ingawa asiyeona alistahili jina hilo miaka mingi kabla mashine haijalihitaji.

Hatari kubwa zaidi ya usomaji huo ni upenyezaji wa maagizo, yaani hila ya kuficha ukurasani maneno, pengine kwa herufi nyeupe juu ya usuli mweupe, yanayomwamuru wakala ampelekee mtu baki barua pepe za mwenye akaunti. Kwa kuwa modeli ya lugha hupokea agizo la mtumiaji na maandishi ya ukurasa kwa pamoja, na kinga kamili haijapatikana, zana iliyojengwa vyema humfungia wakala katika kivinjari kilichotengwa, humnyima nywila asizozihitaji, na husubiri idhini ya mtu kabla ya kulipa, kufuta au kutuma chochote.

Wahitimu wanaombwa, watakapobanwa na tarehe ya kukabidhi kazi, wasikubali idhini hiyo iondolewe ili zana ionekane ya haraka, maana fedha zikishahamishwa, mwenye akaunti ndiye atakayebeba hasara.