Kabla Hujalipia Gari Lililotumika

Leo tunazungumza na wewe wa kijijini, unayepita barabara ya changarawe kila siku na unatafuta gari lililotumika linalovuta kwa magurudumu yote manne.

Kwanza, hakikisha kweli linavuta yote manne. Toyota RAV4, kwa mfano, zipo zinazovuta mbele tu. Kwa RAV4, inama nyuma ya gari: ukiona propela shafti imefika kwenye difu ya nyuma, ndilo lenyewe.

Pili, matairi. Yawe saizi moja na yawe yamelika sawasawa. Jipya likichanganywa na kipara, yanazunguka kwa kasi tofauti, na anayeumia ni difu na gia boksi.

Tatu, tazama raba zinazofunika sivi jointi. Zikipasuka, grisi hutoka na mchanga huingia. Kata usukani hadi mwisho, zunguka polepole. Ukisikia ka-ka-ka kwenye gurudumu la mbele, jointi inakaribia kwisha. Angalia pia shokapu zinazovuja na bushi zilizochanika. Changarawe huzimaliza mapema.

Mwisho, ulizia spea zake katika mji ulio karibu nawe. Gari likilala gereji mwezi mzima likisubiri spea, nani atampeleka mama mjamzito hospitali usiku?

Usilipe kabla fundi wako mwenyewe, si wa muuzaji, hajalikagua. Fedha hizo ni jasho lako. Haraka haraka haina baraka.