Dari Si Sakafu Mpaka Ikaguliwe

Huku kwetu Kisauni na Likoni nyumba nyingi zina slabu juu, nondo zimeachwa wazi zikingoja gorofa. Ramadhani ikifika twasema: tandikeni mikeka, kina mama waswali Tarawehe huko. Ni jambo la kheri. Lakini slabu iliyomwagwa kuzuia mvua huenda haikupigiwa hesabu ya safu za watu, seuze kuta na tangi la maji. Na nondo za pwani huliwa na chumvi. Majengo huanguka: Huruma, Nairobi, mwaka 2016, gorofa sita ziliporomoka, wakafa watu zaidi ya 40. Basi muite injinia kwanza, kisha zungusha ukuta pembeni. Mtume (S.A.W.) alikataza kulala juu ya dari lisilo na kizuizi. Tutawakali, lakini ngamia tumfunge kwanza.