Utoto wa Shambani Uliomlea Mwandishi: Wangari Maathai, Kutoka Ihithe Hadi Nakuru

(Hotuba kwa wazazi, walimu na wanafunzi kuhusu hadithi, usomaji na mazingira)



Mwaka wa 1943, mama mmoja wa kijiji cha Ihithe, Nyeri, alifunga safari kuja Nakuru pamoja na binti yake wa miaka mitatu. Mumewe alikuwa dereva na fundi wa mitambo katika shamba la mlowezi Mzungu, na familia ilikuja kuishi naye hapo. Binti huyo aliitwa Wangari. Miaka 61 baadaye, mwaka wa 2004, alikuwa mwanamke wa kwanza Mwafrika kupata Tuzo ya Amani ya Nobel.

Profesa Wangari Maathai anajulikana kwa miti, na kwa shirika la Green Belt Movement alilolianzisha mwaka wa 1977. Lakini pia alikuwa mwandishi. Kitabu chake Unbowed, kilichotoka mwaka wa 2006, kinasimulia maisha yake tangu utotoni. Anayekisoma huona jambo moja waziwazi: mengi aliyoyapigania ukubwani aliyaona kwanza kwa macho ya mtoto wa shambani, kabla hajajua kusoma wala kuandika.

Yako mambo matatu ambayo utoto huo ulimpa.

La kwanza ni kuangalia kwa makini. Karibu na kwao Ihithe palikuwa na mugumo mkubwa, na karibu na mugumo huo palikuwa na kijito. Mama yake alimkataza kuokota kuni za mti ule, kwa kuwa ulikuwa mti wa Mungu. Mtoto alikwenda kijitoni kuteka maji, na chini ya majani ya nduma akaona mayai ya chura. Alidhani ni shanga. Alijaribu kuyainua ili ayavae shingoni, yakamponyoka na kukatika mikononi. Baadaye aliona viluwiluwi wakiogelea mahali palepale. Kisa hicho alikisimulia hata mbele ya dunia, katika hotuba yake ya kupokea Tuzo ya Nobel.

Alipokuwa mtu mzima, alirudi akakuta mugumo umekatwa na mahali pake pamepandwa majani chai. Kijito nacho kilikuwa kimekauka. Kufikia hapo alikuwa amesomea sayansi ya viumbe, akaelewa kilichotokea. Mizizi ya mugumo huenda chini sana, hupenya miamba na kuyafungulia maji njia ya kupanda juu. Pia hushikilia udongo wa mteremko usiporomoke. Wazee hawakuwa wameeleza hivyo kwa lugha ya darasani, lakini katazo lao lilikuwa limelinda mti, udongo na maji kwa pamoja. Yeye aliweza kuandika juu ya hasara hiyo kwa sababu alikuwa amekijua kijito kingali hai. Mtoto ambaye hakukiona hangejua kwamba kuna kitu kimepotea.

La pili ni hadithi. Jioni, chakula kikiwa bado jikoni, watoto walikaa karibu na moto wakasimuliwa hadithi. Hadithi ziliwazuia kusinzia kabla ya kula, na papo hapo ziliwafunza. Ukubwani, Wangari alifundisha kwa njia hiyohiyo. Alipenda kusimulia kisa cha ndege mdogo aliyeona msitu ukiungua. Wanyama wakubwa walisimama wakitazama, huku ndege akienda mtoni na kurudi na tone la maji mdomoni, akiliangusha motoni. Walipomcheka, aliwajibu kwamba anafanya analoweza. Kisa hicho hakikuwa cha kwao, alikisikia ugenini. Lakini namna ya kukisimulia, kwa maneno machache yanayoeleweka na mkulima, mwanafunzi na rais, ilikuwa ya pale motoni.

La tatu alilipata hapa Nakuru. Katika shamba alikofanya kazi baba yake waliishi watu wa jamii mbalimbali. Wakikuyu walilima, Wakipsigis walitunza ng'ombe, Wajaluo walifanya kazi za nyumbani kwa mlowezi. Waliishi karibu, lakini kila jamii kivyake, kama kazi zao zilivyogawanywa. Mtoto alisikia lugha tofauti tangu akiwa mdogo. Mapema miaka ya 1990, mapigano ya kikabila yalipolikumba Bonde la Ufa, Wangari alikuja kuwaona waliofukuzwa makwao, akahimiza jamii zilizopigana zipande miti kwa pamoja iwe miti ya amani. Kwake, Bonde la Ufa lilikuwa mahali alipolelewa.

Mwishoni mwa mwaka wa 1947, mama alirudi naye Nyeri, na huko akaanza shule. Aliyeuliza kwa nini Wangari haendi shuleni kama wavulana alikuwa kaka yake, Nderitu. Mama yao alikubali. Swali moja la mtoto liliipa Kenya msomi. Mama huyohuyo alimpa binti yake kipande kidogo cha shamba apande mbegu zake mwenyewe. Mtoto alikuwa akizifukua kila mara aone kama zimeota, mpaka mama akamwambia aziache, zitatoka zenyewe.

Leo utoto huo umo katika vitabu vya watoto. Mwaka wa 2008, waandishi wa Marekani Jeanette Winter na Claire Nivola walitoa kila mmoja kitabu cha picha kuhusu maisha yake, na mwaka wa 2010 Donna Jo Napoli akatoa Mama Miti. Mtoto aliye mbali sana na Ihithe anaweza kufungua kurasa hizo akakutana na binti wa mlima wa Kenya. Ingekuwa aibu mtoto wa Molo, Njoro, Subukia au Naivasha akose kumjua, naye aliwahi kuishi hapa.

Jambo hili ni la sasa. Mito Njoro, Makalia na Nderit hutoka upande wa Mau na kumwaga maji katika Ziwa Nakuru. Wako wazee katika kaunti hii wanaokumbuka mahali mito hiyo ilipokuwa na kina, na miti iliyokuwa kando yake. Wakiondoka bila kusimulia, watoto watadhani mto ulikuwa hivyo siku zote.

Kwa hiyo, mzazi, mpeleke mtoto mtoni na umwonyeshe viluwiluwi. Mpe kipande cha ardhi apande maharagwe, na asiye na shamba atumie hata debe lenye udongo. Mwalimu, watume wanafunzi wamuulize nyanya au babu hadithi moja, kisha waiandike kwa lugha wanayoiweza. Nawe mwanafunzi, usingoje kuwa mkubwa ili uandike. Andika ulichokiona leo. Wangari alifikisha umri wa miaka 66 ndipo kitabu cha maisha yake kikatoka, na bado alikumbuka shanga za kijitoni zilizomponyoka mikononi.