Tunaomba Kuona Kibali

(Haya niliyasema Jumamosi kwenye kikao cha vijana wa tawi letu. Nimeyaandika kwa ajili ya walioniomba.)

Mama zangu mliosimama kule nyuma, sogeeni, viti vipo.

Niseme mapema ili tusigombane: mimi sipingi ghorofa. Nasoma sheria, nimepanga chumba hapahapa mtaani, na mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Dar inahitaji nyumba. Kwa hiyo anayesema tuna wivu na tajiri, hajatusikiliza.

Sisi tunauliza swali jingine. Viwanja vya mitaa kama huu vilipimwa kwa nyumba ya chini, familia moja, choo uani. Pale kona palikuwa na nyumba moja na mwembe. Sasa zinapanda ghorofa kumi. Maji taka yao yataenda wapi? Bomba la maji taka halijatufikia. Nilimuuliza fundi, akanijibu, "Chemba kubwa, dada." Jamani, masika hizi chemba zetu ndogo tu zinafurika mpaka kwa mama ntilie! Na yale mabati ya uzio yamezunguka kiwanja kizima bila kibao: mkandarasi hajulikani, mhandisi hajulikani. Nyumba ya jirani ina ufa tangu walipoanza kuchimba msingi.

Tarehe 29 Machi 2013, jengo lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi, hapahapa Dar, liliporomoka likaua watu 36. Tarehe 16 Novemba 2024 likaanguka jingine Kariakoo, wakafa zaidi ya 20. Uchunguzi wa baada ya msiba tumeshauzoea. Tunataka wa kabla.

Sasa, haki yetu iko wapi? Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 4, inampa kila mtu haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Kifungu cha 5 kinakuruhusu kwenda mahakamani kuitetea. Na kama mradi huu ni wa aina inayohitaji tathmini ya athari kwa mazingira, basi wananchi lazima washirikishwe.

Kuna watakaosema mahakama si za wanyonge. Kuna siku nami nasema hivyo. Lakini mwaka 1988 wakazi wa Tabata, Joseph Kessy na wenzake, waliishtaki Halmashauri ya Jiji kwa sababu ya dampo. Wakashinda. Taka zikapelekwa Kunduchi Mtongani. Wa kule nao wakaenda Mahakama Kuu mwaka 1991, Festo Balegele na wenzake 794, wakashinda pia. Na wakati huo sheria ya 2004 haikuwepo! Walikuwa na Katiba, ibara ya 14, haki ya kuishi, na majina yao kwenye karatasi.

Hapo kwenye majina ndipo penye tatizo letu. Wiki mbili zilizopita tuliitwa kwenye mkutano, ikapitishwa karatasi ya mahudhurio, tukasaini. Mimi pia nilisaini, mwanasheria mtarajiwa, bila kusoma juu kumeandikwa nini. Juzi tunaambiwa eti wananchi waliafiki. Waliafiki lini? Sisi tulisaini kwamba tumefika. Tunadai muhtasari wa mkutano ule usomwe hadharani, na kuanzia leo mtu asisaini karatasi isiyo na kichwa cha habari.

Barua nimeshaiandika, ukurasa mmoja. Inaomba vitu vitatu tu: nakala ya kibali cha ujenzi chenye idadi ya ghorofa, mpango wa maji taka, na jina la mhandisi. Haina nembo ya chama, na nawaombeni Jumatatu msije na sare, maana jirani yetu wa chama kile kingine naye ukuta wake umepasuka na anataka kusaini.

Tunakutana saa tatu asubuhi pale kwa muuza mkaa. Mwenye ufa aupige picha leo, aweke rula pembeni na aandike tarehe, kisha apige tena kila wiki. Mama zangu ambao hamna simu ya picha, nitapita mwenyewe kesho jioni.