Anayeuguza Naye Afundishwe: Video za Afya kwa Familia za Wagonjwa wa Saratani ya Ubongo



Mgonjwa mwenye uvimbe wa ubongo akitoka kata ya Nyarero, Tarime, hupita mikononi mwa watu wengi: zahanati, hospitali ya wilaya, hospitali ya Bugando kule Mwanza, na pengine Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) au Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam. Kila mahali kuna wataalamu. Hata hivyo, ukihesabu saa, sehemu kubwa ya ugonjwa huu huuguzwa nyumbani, na anayeuguza ni mke, binti, au mjukuu aliyeacha shule kwa muda. Huyo hurudi na mfuko wa dawa, karatasi iliyoandikwa Kiingereza, na maelezo mafupi aliyopewa akiwa amesimama koridoni. Video za afya tunazozitengeneza nchini zimwelekee yeye, zimwonyeshe kazi atakayoifanya usiku huohuo.

Nianze na kidonge kimoja, deksamethasoni. Kazi yake ni kupunguza maji yanayojaa kuzunguka uvimbe. Ndani ya siku mbili tatu maumivu ya kichwa hutulia, kutapika alfajiri hukoma, mkono uliolegea hushika tena kikombe. Ndugu huona kwamba amepona. Simu hupigwa Sirari, Mugumu, hadi Mwanza, kutoa habari njema. Na mtu aliyepona anameza dawa ya nini? Hapo ndipo hatari inapoingia, maana kilichopungua ni maji tu. Uvimbe uko palepale. Zaidi ya hayo, mwili uliotumia dawa hii kwa wiki kadhaa hupunguza kutengeneza homoni yake wenyewe, na dawa ikikatwa ghafla mgonjwa anaweza kuanguka, hata kufa. Hupunguzwa kidogo kidogo, kwa ratiba ya daktari. Dawa hiyohiyo huleta njaa kali, hufukuza usingizi, hupandisha sukari na kuvimbisha uso. Mke asiyeambiwa haya atamwona mumewe akidai ugali saa nane usiku, kisha akizunguka uani mpaka kupambazuke, naye ataanza kutafuta sababu kwa jirani.

Nasema kwa jirani kwa sababu tuhuma za kurogwa zimevunja familia nyingi katika nchi hii. Uvimbe ulio sehemu ya mbele ya ubongo hubadilisha tabia. Mzee mpole huwa mkali, hutukana mbele ya wajukuu, hugawa fedha ovyo, hukaa siku nzima bila kutaka lolote. Familia inaweza kustahimili mguu uliopooza. Baba aliyekuwa baba jana, na leo haeleweki, huyo ni mtihani mwingine kabisa. Ningependa video nzima itengwe kwa jambo hili: daktari aguse paji lake mwenyewe la uso, aeleze kwamba hapo ndipo panapozuia hasira na kupima maneno, na kwamba ugonjwa umepashika. Sidhani kuna dawa itakayoipa nyumba hiyo nafuu kubwa kuliko maelezo hayo yakitolewa mapema.

Kifafa, ambacho uvimbe wa ubongo huweza kukileta, nacho kifundishwe kwa vitendo. Kamera ishuke hadi kwenye kitanda kilichosogezwa ukutani, taa moja, watu wawili. Mgonjwa anakakamaa, anatikisika. Mmoja anaondoa stuli iliyo karibu, anaweka kanga iliyokunjwa chini ya kichwa, analegeza kola. Mwingine anatazama saa ya simu. Hakuna anayeingiza kijiko mdomoni wala anayembana mikono. Mtikisiko ukikoma wanamlaza ubavu ili mate yatoke. Ukipita dakika 5, mgonjwa akimbizwe hospitali. Nani ataandika karatasi itakayofundisha hayo vizuri namna hiyo?

Kuna suala la heshima pia, nalo linahitaji uangalifu. Kwa Wakurya, mkaza mwana na baba mkwe wana mipaka yao, na mkaza mwana mara nyingi ndiye aliyebaki nyumbani wakati wa kumwogesha mgonjwa. Video iliyotengenezwa mbali itamwonyesha akimgeuza mzee na kumfuta mgongo kana kwamba si kitu. Wazee wa kata, akina mama na wauguzi wa kule wakae kwanza waamue nani aonyeshwe akifanya nini, na maelezo yatolewe kwa Kikurya pamoja na Kiswahili.

Taifa hili limewahi kufundisha afya kwa wingi. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwafikia karibu watu milioni 2 kwa redio, na redio haina picha. Watu walikaa katika vikundi, wakasikiliza, wakasoma kijitabu, wakabishana na kiongozi wao, kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo. Video inayotupwa kwenye WhatsApp haina kikundi wala kiongozi. Humfikia mtu peke yake, kama ana bando. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao mpango wao wa kitaifa ulizinduliwa mwaka 2024, wabebe video hizi kwenye simu zao, wakae na familia, wasimamishe picha panapoulizwa swali.

Fedha zikipatikana, ningeomba tuanze na video ya siku za mwisho. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 kuhusu glioblastoma, aina kali ya saratani ya ubongo, ulionyesha kwamba hata penye upasuaji, mionzi na dawa ya temozolomaidi, nusu ya wagonjwa hawakufika miezi 15. Kwa hiyo nyumba nyingi zitaifikia hatua hiyo: mgonjwa analala karibu kutwa, anashindwa kumeza. Uji ukilazimishwa huweza kuingia mapafuni. Midomo hulowanishwa kwa kitambaa safi. Maumivu yana morfini ya maji, ambayo Uganda imeitumia majumbani tangu miaka ya 1990. Rasimu ya video hiyo tutaipeleka Nyarero kwa watu waliokwisha kuuguza hadi mwisho. Wakisema irudiwe, tutairekodi upya.